Wapiga Besi Wawili na Jarida Moja

Jarida lilikuja kwa jina la mtu mwingine. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa Kizungu aliyekaa Kinanira, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, aliyefundisha hesabu kwenye shule moja mjini Bujumbura na Jumapili akapiga gitaa la besi katika kwaya yetu ya Musaga. Vita vilipoanza, ubalozi wake ulimpa nusu siku afunge mizigo. Alinitumia mtu, nikapanda kilima hadi kwake, nikamkuta amekalia sanduku lililogoma kufungika. Akanikabidhi vitu viwili: besi yake, na ufunguo wa sanduku lake la posta.

"Jarida litaendelea kuja," aliniambia. "Nimeshajiandikisha kwa miaka miwili. Wewe lisome."

Nilimwambia nitamtunzia mpaka arudi. Nilidhani atarudi baada ya mwezi. Sote tulidhani hivyo.

Jarida lenyewe lilikuwa la Kifaransa, na lilihusu besi peke yake. Si muziki kwa jumla, si magitaa yote. Besi tu, kurasa na kurasa kila mwezi. Hilo lilinishangaza. Kwetu hakuna aliyejua besi inafanya kazi gani. Mchungaji wetu aliwahi kuniuliza kama gitaa langu lilikatika nyuzi mbili, maana ya wenzangu yalikuwa na sita. Na humo ndani kulikuwa na watu wazima wanaogombana kwa barua juu ya unene wa waya.

Mtu mmoja tu angeweza kuelewa furaha yangu, naye alikuwa seremala wa Kinama. Ndiye aliyenifundisha besi kabla ya vita, siku zile alipokuwa akipiga katika bendi ya hoteli na mimi ni karani mpya niliyetoka kazini na kwenda moja kwa moja kutazama vidole vyake. Nilimwita Fundi, kama alivyoitwa na wote. Yeye aliniita mudogo wangu. Sasa bendi ilikuwa imekufa. Mpiga ngoma alikimbilia Tanzania, mwimbaji hatukujua alikokimbilia, na amri ya kutotoka nje jioni ilimaliza dansi zilizobaki. Besi aliyokuwa akipiga ilikuwa mali ya hoteli, na hoteli iliifungia stoo. Fundi, mwalimu wangu wa besi, hakuwa na gitaa, mimi nilikuwa nalo.

Wakati huo mji ulikuwa unajigawa. Kaskazini, Kinama na majirani zake, walibaki Wahutu. Kusini, Musaga na majirani zake, tulibaki Watutsi. Katikati ya mji bado tulifanya kazi pamoja, tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto, na saa kumi kila mmoja akapanda basi la upande wake. Fundi hakuja Musaga, mimi sikwenda Kinama. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo. Tuliijua kama mtu anavyojua jiko ni la moto bila kuligusa.

Basi tukafanya mapatano. Yeye alikuwa na kanisa lake, mimi langu, na besi ilikuwa moja. Wiki hii ingekaa kwangu, wiki ijayo kwake, na kila Alhamisi saa sita mchana tungekutana posta kubadilishana. Mwanzoni niliifunga kwa shuka. Siku moja askari kizuizini aliona kitu kirefu ndani ya shuka, akanielekezea bunduki na kuniamuru nilale chini kifudifudi. Tangu siku hiyo tuliibeba wazi, nyuzi zikitazama juu, ili hata aliye mbali aone kwamba ni gitaa.

Jarida likifika tulikaa kwenye benchi ndani ya posta, karibu na dirisha la stempu. Fundi alisoma Kifaransa kwa taabu, kwa hiyo mimi nilisoma nikimgeuzia kwa Kiswahili. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hatukutaka kitu kimoja. Mimi nilitaka masomo ya kurasa za mwisho, yale yenye mistari minne na tarakimu juu yake, ambayo yaliishia kila mara kwa ahadi ya mwezi ujao. Yeye alitaka mbao. Alikuwa ameanza kuchonga besi ya pili kwa mti wa musave, ili kila mmoja wetu awe na yake, na alikuwa amekwama shingoni. Alijua kwamba ndani ya shingo ya besi kuna chuma kinachoizuia isipinde, lakini hakujua kimelazwa vipi wala kinashikwa na nini. Ile moja tuliyokuwa nayo hatukuthubutu kuipasua.

"Angalia," alisema akipekua. "Sura, sura, sura. Kila mwezi wanatuonyesha sura. Hakuna hata mumoja anapasua."

Matangazo ya nyuzi mpya yalijaa kurasa nne. Zetu tulikuwa tukizichemsha sufuriani ili zitoe uchafu na zirudishe sauti, na moja tayari ilikuwa waya wa breki ya pikipiki. Fundi aliniomba niyaruke matangazo hayo. "Usinisomee chakula na njaa iko," alisema.

Mwezi mmoja ikadondoka kutoka ndani ya jarida karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa na maswali. Wenye jarida walitaka kujua wapiga besi wanataka nini kutoka kwao. Fundi alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona tangu vita vianze. Akavuta benchi karibu na meza, akanitaka nichukue kalamu.

"Una besi ngapi?" nilisoma.

"Andika nusu."

"Nusu haiko. Iko moja, mbili mpaka tatu, zaidi ya tatu."

"Basi weka moja, na pembeni uandike: watu wawili."

"Unapigia wapi? Nyumbani, jukwaani, studio?"

"Andika kanisani. Mchana. Kabla ya saa kumi na moja."

Tulicheka mpaka karani wa stempu akainua kichwa. Kisha nikafikia swali la mwisho, lile lenye nafasi tupu chini yake: ungependa tuandike zaidi kuhusu nini? Fundi alikwangua gundi iliyokauka kwenye ukucha.

"Waambie wapasue gitaa moja, wapige picha," alisema. "Na waambie waandike namna ya kupiga pole pole. Mutu anajisikia mwenyewe, lakini jirani hasikii."

"Kwa nini jirani asisikie?"

Alinitazama kama anayepima kama nauliza kweli. "Kwetu sasa hivi, nyumba yenye sauti inakumbukwa na wale wanaokuja usiku," akasema. "Na we? We unataka nini?"

"Masomo zaidi."

"Andika basi."

Nikaandika yake na yangu, nikabandika stempu, tukaitumbukiza pamoja.

Somo lililokuwa likiendelea miezi ile lilihusu kuacha nafasi. Mwandishi alisema mpiga besi hodari hujulikana kwa nyuzi asizozigusa, na akatoa wimbo mzima wenye mashimo, hapa pigo, hapa kimya, hapa mapigo mawili ya haraka, na kimya tena. Sehemu ya tatu ilikuja nikiwa na besi, wiki yangu ikielekea ukingoni. Jumatano jioni vidole vyangu vilikuwa vimekamata nusu. Nilijua kwamba nikiiachia kesho, baada ya wiki nzima nitakuwa nimesahau. Nilijua pia kwamba Jumamosi Fundi ana harusi ya kupigia kanisani kwake. Nilijiambia harusi ina ngoma, ina makofi, haitakufa kwa kukosa besi.

Alhamisi asubuhi nilimwomba jirani apite ofisini kwangu aseme nina homa. Sikuwa na homa. Nilifunga mlango wa chumba nikapiga siku nzima bila umeme, sikio nimelilaza juu ya mbao. Ijumaa nikafanya hivyo hivyo.

Ijumaa hiyo barabara yetu haikuwa tulivu. Usiku uliotangulia guruneti lilirushwa kwenye baa moja huko juu na watu wakafa, na tangu asubuhi vijana wa kartiye, mtaa wetu, walikuwa wamepanga mawe njiani, wanasimamisha kila asiye wa kwetu. Mimi nilisikia, nikaendelea kupiga. Alasiri nikasikia sauti zimepanda, nikaweka gitaa kitandani, nikatoka hadi langoni.

Fundi alikuwa amesimama katikati yao, hatua kama thelathini kutoka kwangu. Alivaa shati lake la Jumapili. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wa maparachichi. Mmoja wa vijana, ambaye aliimba tenori katika kwaya yetu, aliniona.

"Kaka!" aliita. "Huyu anasema anakuja kwako. Unamujua?"

Fundi akanigeukia. Alianza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyeona nyumba aliyokuwa akiitafuta.

Nikasema, "Ninamuonaga posta tu."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Miaka yote hii nimejaribu kuyakumbuka kwa namna nyingine na nimeshindwa. Sauti haikutetemeka. Niliyasema kama karani anayejibu dirishani.

"Posta kila mutu anaonana na kila mutu," alisema mwingine, na wakacheka. Mtu akaupiga mfuko teke, maparachichi yakabingirika kwenye vumbi. Wakamvuta nyuma ya duka lililofungwa. Mimi nilibaki nimeshika lango. Nilisikia fimbo. Yeye sikumsikia, na hilo lilinitisha kuliko kama angepiga kelele.

Mama alitoka jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo hadi kwenye viwiko.

"Ni nani huyo?" aliniuliza.

"Ni Fundi."

Alilijua jina hilo, nilikuwa nikimtaja kila wiki. Hakuuliza la pili. Alinipita akatoka langoni miguu mitupu, hakukimbia, alitembea kama anayekwenda kuchukua nguo kambani kabla ya mvua. Akapotea nyuma ya duka, na nikasikia sauti yake kwa Kirundi, kali lakini haikupanda. Aliwaambia huyu ni mgeni wake, amempikia, na chakula kinapoa. Kisha akawataja mmoja mmoja kwa mama zao. Alimuuliza mmoja ataitazamaje sura ya mama yake leo. Akamkumbusha mwingine nani alimbeba mgongoni hadi zahanati alipougua surua. Fimbo ilikuwa imenyamaza.

Alirudi amemshika Fundi kwa mkono wa shati. Unga wa mikono yake ulikuwa umegandamana na damu. Nyuma yao alikuja yule wa tenori, amebeba mfuko wa plastiki. Alikuwa ameyaokota maparachichi. Akauweka mfuko langoni na kuondoka bila kunitazama.

Ndani, Mama alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Kichwa kilipasuka kidogo juu ya sikio. Lakini mkono wa kushoto ndio alioutumia kujikinga, na vidole viwili, cha pete na cha mwisho, vilipinda mahali pasipo na kiungo. Mama alichana kitenge, akavifunga na kijiti. Fundi aliuma meno akitazama pembeni, na pembeni ndiko kulikokuwa na mlango wa chumba changu, wazi. Akaiona besi juu ya kitanda. Akaliona jarida limefunguliwa kwenye mto, na kalamu katikati ya kurasa. Akanitazama mimi, mzima, nimesimama kwa miguu yangu.

"Nimefika kazini kwako leo," alisema. "Wamesema una homa."

"Ndiyo, Fundi."

"Imeshuka?"

Niliuvuta mlango wa chumba, nikaufunga.

"Mungu asifiwe," akasema. Mpaka leo sijui alilisemaje neno hilo.

Mchungaji alikuja na gari lake kabla ya saa ya kufunga njia, akampeleka mjini akatafute daktari. Nilileta besi hadi mlangoni mwa gari, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Fundi aliutazama mkono wake uliofungwa, kisha akaitazama besi.

"Bakia nayo," alisema.

Mama hakuniambia kitu jioni ile, wala kesho yake, wala siku nyingine yoyote hadi anakufa. Alinipakulia chakula kama kawaida. Maparachichi yalikaa mezani, yakaiva, yakaanza kuoza, hakuna aliyeyagusa. Yeye ndiye aliyeyatupa.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda posta saa sita na besi yangu wazi mkononi. Nikakaa kwenye benchi mpaka saa nane. Nilifanya hivyo Alhamisi nne au tano. Jumapili niliendelea kupiga kanisani, na yule kijana wa tenori aliendelea kusimama nyuma yangu, na tuliimba nyimbo zile zile, na hakuna aliyetuuliza lolote. Nilikuwa nikiwaza kwamba yeye angalau aliokota maparachichi.

Kisha lilikuja toleo lenye majibu ya maswali. Wenye jarida waliwashukuru wasomaji wote walioandika. Wengi, walisema, wametaka masomo zaidi, na kuanzia sasa wataongeza kurasa za masomo. Nilisoma ukurasa huo mara tatu, nikitafuta kama yupo aliyetaka gitaa lipasuliwe. Hakutajwa. Labda barua yetu haikufika. Labda ilifika, wakakuta ni sauti moja na kuiweka kando. Nilichokitaka mimi ndicho kilichopatikana. Nililipeleka jarida nyumbani, nikaliweka chini ya kitanda pamoja na mengine, na masomo yale mapya sikuyajaribu hata moja.

Miezi michache baadaye mapigano yaliingia Kinama na kartiye nzima ikamwagika. Kutoka dirisha la ofisi tuliona moshi. Watu walisema wengi wamevuka kwenda Uvira, upande wa Kongo, na kwamba seremala mmoja alionekana mpakani na mkewe, amebeba randa na misumeno badala ya nguo. Nilitaka awe yeye. Baadaye vita vikafika na huko pia, na habari zikakatika kabisa. Miaka miwili ya jarida iliisha. Ilikuja barua ya kumkumbusha mwalimu ajiandikishe upya. Nikairudisha ndani ya sanduku, nikafunga, nikaukabidhi ufunguo dirishani.

Vita viliendelea miaka mingi baada ya hapo, na mimi niliishi ndani yake kama watu wengine, nikienda kazini na kurudi. Mama alifariki kwa ugonjwa, kitandani kwake. Miaka miwili baada ya kumzika, risasi zilipoanza kupungua na watu wakaanza tena kupita kutoka upande huu kwenda ule, mfanyakazi mwenzangu alileta ofisini kabati jipya. Nilitazama viungo vyake, vilivyoshikana bila msumari hata mmoja, nikamuuliza limetengenezwa wapi.

"Kinama," alisema. "Kuna muzee mumoja amerudi kutoka Kongo."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga Kinama tangu vita vianze. Nilimkuta chini ya paa la bati, anapiga randa mlango. Nywele zilikuwa nyeupe. Vidole viwili vya kushoto vilisimama wima, havikunji, na aliushika ubao kwa kiganja na vile vilivyobaki.

"Fundi."

Alinitambua mara moja. "Mudogo wangu," alisema, akanionyesha kigoda kwa kidevu. "Keti."

Niliketi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na yote yakanitoka. "Nimekuja kukuomba msamaha."

"Juu ya nini?"

"Juu ya siku ile. Waliniuliza, nikasema ninakuonaga posta tu."

Randa ilikwenda na kurudi. Maranda yalimwangukia miguuni.

"Hukusema uongo," alisema. "Tulikuwa tunaonana posta. Mi ndiye nilifikiri kuko na zaidi."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anavyosema mtu aliyekata ubao kwa kipimo kibaya na anajua kosa ni la mkono wake. Afadhali angenitukana. Nilikaa pale nikitazama mikono yangu, vidole kumi vizima.

"Mama yako hajambo?" aliuliza.

"Alifariki, Fundi. Ni mwaka wa pili sasa."

Randa ilisimama. Akaiweka chini, akajifuta uso kwa nyuma ya mkono, akaenda kwenye ndoo na kunawa polepole mpaka kwenye viwiko. Aliporudi alikuwa amevaa shati.

"Amelala wapi?" alisema. "Nipeleke."

Tulikwenda saa hiyo hiyo. Makaburini nilimwonyesha. Alisimama mbele ya msalaba, kofia mkononi, akaanza kusema na Mama kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, kama watu wawili walio jikoni. Nilirudi nyuma hatua kadhaa. Yale hayakuwa yangu kuyasikia. Alisema muda mrefu, na mara moja nilimwona anautoa mkono wa kushoto na kuuonyesha kaburini, kisha akaurudisha mfukoni. Alipomaliza aliona msalaba umeinama. Akaunyoosha, akashindilia udongo kwa kisigino, akaujaribu, akashindilia tena.

Barabarani basi la kaskazini lilikuja kwanza. Alinipa mkono wa kulia. "Usalimie nyumbani," alisema, akapanda.

Sikumwuliza tena kama amenisamehe. Huwa naenda Kinama mara moja moja. Ananipa kigoda, mkewe ananiletea chai, tunazungumza juu ya mbao zinazotoka Kongo, juu ya mvua, juu ya magoti yake. Mlango wake uko wazi kwangu, na siwezi kusema ninajua kwa nini. Juu ya besi hatujawahi kuzungumza.